Kibwagizo

Bi Mwanatumu, mpishi wa arusini, alikaa nyuma kabisa ya darasa la fasihi, barua ya kuacha masomo iko tayari mkobani.

“Bi Mwanatumu, hebu tusomee shairi hili,” mwalimu akamwambia.

Akasimama, karatasi mkononi. Kwao shairi halisomwi, huimbwa, na sauti ikamtoka yenyewe. Vijana wakaangua kicheko. Yeye ndiyo kwanza akapamba moto, hadi kwenye kibwagizo, akanyamaza waitikie. Wakatazamana tu. Akakirudia, akipiga dawati kwa kiganja.

“Jamani, itikieni!”

Ghafla, ng'ambo ya ukuta, darasa zima la hesabu likaitikia. Chaki ikamponyoka mwalimu. Bi Mwanatumu akaichomoa ile barua, akajipepea nayo, akaingia ubeti wa pili.