Mlio wa Bondeni

Sikudhani alikuwa fundi wa redio za mkononi za zimamoto. Alizipanga zikae kimya viunoni mwa vijana wa kikosi, ziamke na kulia pale tu kituo kinapotangaza hatari, kila mtaa na mlio wake. Alikuwa amebakiza moja, ya mkuu wa kikosi, Bwana Mgeta, alipoingia mwenyewe akitafuna maini, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Dada, mlio wa Bondeni ufute kwenye redio zote. Vibanda vyao haviishi kuungua, vijana wanachoka bure. Wa Kilimani uache."

"Na watu waliomo, mkuu?"

"Si wana ndoo?" Akacheka. Kipande cha ini kikamdondoka mezani, akakiokota, akakila.

Sikudhani aliivuta redio ya mkuu karibu. "Nimekusikia, mkuu," alisema, akageuza uso.

Hakufuta kitu. Redio ya mkuu aliipangia mlio wa Bondeni kama zile nyingine, ila hiyo akaifunga vitufe vyote, ikilia isiweze kuzimwa.

Alasiri ile, mkuu akiwahutubia wenye nyumba wa Kilimani, vijana wake wamesimama kando, redio zikalia pamoja: Bondeni! Vijana wakatoka mbio. Yeye akabaki jukwaani, akibonyeza na kubonyeza redio iliyozidi kulia, watu wote wakimtazama.