Karatasi ya Aflah

Zakariya aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akafanya kinyume cha kila kilichoandikwa.

Karatasi ilisema Badar, yule mrefu anayerukia mpira katikati ya uwanja, apumzishwe robo ya mwisho. Zakariya akamwacha acheze mpaka filimbi. Ilisema Yaarub abaki ndani. Akamtoa. Vijana wake wa mji wa Nizwa wakawashinda wale wa Bahla kwa pointi thalathini, wakaingia fainali, na wachezaji wakamzunguka kocha wao wakimpigapiga mgongoni.

"Hongera, ami," alisema Aflah, msaidizi wake, mwenye karatasi. "Umeona mbali."

Zakariya alimjibu kwa kichwa tu.

Mpira huu wa Kiaustralia, wenye umbo la yai, yeye ndiye aliyeuleta Nizwa. Aliujulia Perth alikokwenda kusomea uhandisi, akarudi akawafundisha vijana kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya magereji ya Firq, watu wakimcheka. Miaka kumi na moja aliongoza peke yake. Msimu huu klabu ikampa msaidizi: Aflah, mtoto wa jirani yake Bi Rawya, kijana wa miaka ishirini na saba, aliyehesabu kila mbio na kila pumzi ya mchezaji. Kabla ya kila mechi alileta karatasi: nani aingie, nani apumzike, wakati gani. Katika mchezo huu utatoa na kuingiza wachezaji utakavyo, na hapo ndipo kocha anapojulikana.

Kijicho kilimwingia Zakariya taratibu. Kwanza aliona vijana wakimaliza mazoezi wanamwendea Aflah. Kisha siku moja Maen, nahodha, akauliza swali la mchezo huku amemwelekea Aflah, na kocha amesimama hapo hapo. Hata nyumbani mkewe, Khole, akasema, "Baba Hiba, mtoto wa Rawya ana akili, mashaallah," naye akaiweka chai chini bila kuimaliza.

Basi akaanza kuzipindua zile karatasi. Mechi mbili za mwanzo alizozipindua, walipigwa zote mbili. Uchungu ule alikaa nao wiki nzima, lakini hakurudi nyuma. Ya tatu wakashinda. Ya nne, ya tano, ya sita, wakashinda. Kila ushindi ulikuwa mtamu zaidi kwa kuwa kijana alikuwepo kuushuhudia.

Lililomkera ni kwamba Aflah hakununa hata mara moja.

"Sifuati unayoandika," alimwambia siku moja wakikusanya mipira. "Huoni vibaya?"

"Wewe ndiye mkubwa, ami. Mimi nataka tushinde tu."

Jibu hilo lilimchoma kuliko tusi.

Fainali ilikuwa mjini Ibra, dhidi ya timu ya Sur. Asubuhi ya safari, Khole alipokuwa akimfungia mikate na chupa ya kahawa, akamwambia, "Unajua kama Maskati walimtaka Aflah akawe kocha wao mkuu?"

"Lini?"

"Tangu Rajabu. Rawya kanambia jana. Kijana kakataa. Kasema hamwachi ami Zakariya mpaka apate kombe lake."

Zakariya akakaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Alijiona mdogo. Basi la timu lilipopita mji wa Sinaw alikuwa ameshaamua. Leo ataifuata karatasi ya Aflah, neno kwa neno, wala hatamwambia. Wakishinda, atasimama mbele ya watu wote aseme ushindi ni wa nani.

Getini Aflah akamkabidhi karatasi, akaenda zake jukwaa la ng'ambo kurekodi mchezo kwa kamera, kama desturi yake.

Nusu ya kwanza ilikwenda sawa kwa sawa. Uzito wa karatasi ulikuwa nusu ya pili: Badar akae benchi robo zote mbili, na Yaarub, mzito wa miguu, amkabe mfungaji wa Sur, kijana mwepesi kama paa. Moyo ulimwambia Zakariya sivyo. Akauambia unyamaze, aliona ni kijicho kile kile kinachosema.

Sur wakafunga. Wakafunga tena.

Maen akaja pembeni, jasho linamtiririka. "Kocha, mrudishe Badar."

"Subiri. Kuna mpango."

Badar aliinamisha kichwa benchini, taulo shingoni. Ng'ambo ya uwanja Aflah alikuwa amesimama juu ya kiti, anapunga mikono yote miwili. Ameitambua kazi yake, Zakariya alijiambia, amefurahi. Akampungia naye, machozi yakimlenga.

Kisha, robo ya mwisho ikielekea kwisha, akamwona anashuka jukwaani na kuuzunguka ua wa uwanja mbio, akisukumana na watazamaji. Alipofika, filimbi ya mwisho ilikuwa imeshalia. Sur walikuwa wamewazidi pointi arobaini na moja, na wachezaji wa Nizwa walikuwa wamelala chali kwenye nyasi.

Zakariya akamshika mabega.

"Nisamehe, mwanangu. Msimu mzima nimekuonea kijicho, kila uliloandika nikaligeuza. Leo nimeifuata karatasi yako neno kwa neno. Tumeshindwa, lakini nimekuheshimu."

Aflah alikuwa bado anatweta. Alimtazama kocha wake, akatazama ubao wa matokeo, akainama akaegemeza mikono magotini.

"Ungenambia tu, ami, kwamba leo utaifuata," akasema. "Ningekuandikia ya kweli."