Mashine ya Shikamoo

Ofisini mjini, kidole cha Dorotea kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Akibonyeza, sehemu ya mashine za zamani itafutika kwenye disketi ya programu aliyoiandika, nayo haitafanya kazi tena kwenye kompyuta kuukuu ya zahanati ya Nansio, kisiwani, na hakuna atakayejua nani kameza dawa za kifua kikuu na nani bado.

“Futa, dada!” bosi wake alifoka. “Mashine yenyewe kwa uzee ni ya kuamkiwa shikamoo. Hili ni soko huria, wanunue mpya.”

“Mlipoipeleka mwaka tisini mlipiga picha, mkaiita maendeleo. Leo takataka?”

“Getini wapo kumi waliopunguzwa kazi. Niwaite wagombee kiti chako?”

Dorotea aliondoa kidole kwenye kitufe.

“Waite wote,” alisema. Akachomoa disketi ya programu, isiyofutwa kitu, akaitia kifuani, akakimbilia gatini. Meli ya kwenda Nansio ilikuwa inapiga honi.