Asiye na Hata Unyoya

Kikohozi kimoja kilisikika usiku, msitu mzima ukanyamaza. Alfajiri wanyama wakamkuta kichakani kiumbe asiye na hata unyoya, ngozi imekauka kama gome.

“Zimwi hilo. Tulirarue,” alisema Fisi.

“Zimwi gani linakohoa?” alisema Kima. “Mama Mbweha, hebu linuse. Pua yako haidanganyi.”

Mbweha alinusa, akanusa tena. Mwaka jana mwanawe mwenye manyoya laini alipata upele. Wanyama walimfukuza, wakaapa kwamba atakayelitaja jina lake atamfuata.

Kiumbe yule akamlamba pua, taratibu, kama mtoto.

“Haya, mama, zimwi au si zimwi?” aliuliza Fisi, amekenua.

Mbweha akajilaza ubavuni pa kiumbe yule.

“Si zimwi,” akasema. “Ni mwanangu, Singa.”