Bata Atibu Kobe wa Mjane

Paliondokea Kanga mjane, ambaye marehemu mumewe alimwachia Kobe mzee amtunze. Kobe akashikwa na kifua, akawa anakoroma na kutoa mapovu puani. Kanga, kwa kuogopa kufiwa tena, alimlaza kivulini, akamwita Bata aliyejifanya mganga.

“Kifua hupozwa,” Bata alisema, akammwagia maji ya baridi.

“Mwanangu Kanga,” Kobe alianza kwa taabu, “mimi ninge…”

“Nyamaza, babu!” Bata akamkata. “Mgonjwa haulizwi uji.”

Siku ya tatu Kobe aliingiza kichwa gambani, akatulia. Bata akatangaza msiba, akaenda kumwita Fuko achimbe kaburi. Kanga akainama kando ya gamba, akamwomba Mungu, kisha akanong'ona: “Babu, ulitaka kusema nini?”

“Jua, mwanangu,” sauti ikajibu kutoka ndani. “Nilikuwa naomba jua tu.”

Kanga akamsukuma kwa kifua chake mpaka penye jua. Bata aliporudi na Fuko, alimkuta Kobe ametoa kichwa, anatafuna majani.

“Mungu akulipe kwa nia yako, ndugu yangu,” Kanga alimwambia. “Lakini kesho ukiitwa kwa mgonjwa, muulize kwanza kama naye ni bata.”