Salamu kwa Dunia

"Andika salamu," mkaguzi alisema. "Salamu tu. Kwa kila lugha ya kompyuta unayoijua."

Mkongwe nusura acheke. Ameandika programu tangu kompyuta zikiwa nene kama makabati, halafu leo anapewa kazi ya siku ya kwanza darasani: iamrishe mashine iseme "Habari, dunia." Hata hivyo akavuta kiti. Ilimpendeza sana kuwepo pale, maana upande wa pili wa meza alikaa shemeji yake, mume wa dada yake, na huyo alikuwa amekalia kuti kavu.

Kisa chenyewe hakikuwa cha mchezo. Kampuni yao ndiyo iliyopanga miadi ya wagonjwa wa hospitali kuu ya mji. Wiki iliyopita mtu wa humu humu ndani alipenyeza kijiprogramu kikafuta miadi yote. Watu wakafika na maumivu yao, wakaambiwa majina yao hayapo. Aliyefanya hivyo angefukuzwa, kisha angekwenda jela, na pale ofisini hakuna aliyemwonea huruma.

Kijiprogramu kilipopatikana, Mkongwe ndiye aliyemwonyesha bosi neno "kapu". Kila mwandishi wa programu hubatiza apendavyo visanduku vyake vya kuhifadhia maneno, na ofisi nzima ilijua ni nani huviita kapu. Ni shemeji. Huyo huyo aliyekuja juzi tu, akamwoa dada mtu, mama mtu akampakata kama mwanawe wa kumzaa, halafu akapewa ukuu wa kitengo ambao Mkongwe aliusubiri mpaka mvi zikamtoka. Kumchukia mtu wa namna hiyo hakukumpa taabu hata kidogo.

Alianza na C, lugha kavu isiyopenda maneno mengi. Ikaja Pascal, ambayo vijana wa pale waliisikia kwa jina tu. Java ikamdai sherehe ndefu kabla ya kutoa neno moja; Python ikamalizana naye kwa mstari mmoja. Kapu hakuliandika hata mahali pamoja, ng'o! Vidole vilikimbia, vikagonga, vikashuka mstari, na moyoni alikuwa akipiga mluzi.

"Shemeji," mume wa dada yake akasema kwa sauti ya chini, macho mezani. "Acha. Huna haja ya kuandika."

"Wewe ndiye huna haja ya kusema," Mkongwe akamjibu. "Umetuletea aibu nyumbani, sasa unataka kuniamrisha mpaka hapa?"

Mkaguzi akamwomba shemeji atoke, naye akatoka bila kumtazama mtu. Mkongwe akamsindikiza kwa jicho la pembeni, huku akipanga jinsi atakavyomwambia dada yake: nilikuonya, hukusikia. Angemrudisha kwa mama siku hiyo hiyo, na mabegi angeyabeba yeye mwenyewe, tena kwa raha zake.

Alipomaliza, akaisukuma kompyuta kwa mkaguzi. Bila kuulizwa, akaanza kumfundisha mama huyo kazi yake: kwamba mtu aweza kujificha ndani ya programu kubwa, lakini kwenye salamu hana habari, mkono unajisahau. Mkaguzi akakubali. Akasema ndiyo maana amewapima wafanyakazi wote kwa salamu.

Kisha akabofya kitu kimoja juu ya kioo. Mwisho wa kila mstari wa Mkongwe kikajitokeza kidoa cha kijivu. Kwenye C, kwenye Pascal, kwenye Java, kote.

"Ni nafasi tupu," mkaguzi alisema. "Kabla hujashuka mstari, dole gumba lako hugonga kitufe cha nafasi. Kwa kawaida haionekani, na kompyuta yenyewe haijali. Nadhani hata wewe hujui."

Hakujua.

"Wenzako wote hawana tabia hiyo. Kile kijiprogramu kinayo, mstari kwa mstari. Kapu la shemeji yako ulilinakili vizuri. Dole gumba ndilo hukukumbuka kuliacha nyumbani."

Mkongwe akautazama mkono wake kama jirani aliyemchongea. Akasema huo ni upuuzi, kwamba vidoa si ushahidi, kwamba anaonewa kwa sababu ya umri. Mkaguzi hakubishana naye. Alikuwa akikusanya vitu vyake, na utulivu huo ndio uliomtia wazimu.

"Mrudishe shemeji," akasema, sauti ikimpasuka. "Mbane huyo! Mbane vizuri uone kama hatakiri."

"Alishakiri jana, wala sikumbana," mkaguzi alisema. "Nikampa aandike salamu, nikaona si yeye. Nikamuuliza kwa nini anajitwisha kosa la mtu mwingine. Akasema mama mkwe wake ana mtoto wa kiume mmoja tu."