Nilianguka

Mume wangu alisimama nyuma ya kiti changu katika korti ya Tororo, mwaka wa tatu wa Uhuru, akamwambia karani kwamba nilianguka nikiteka maji. Karani akaandika. Lilibaki dole gumba langu tu, maana sijui kusoma.

Nikanyoosha mkono. Dole lilikuwa limevimba, ukucha umekuwa mweusi, na chini yake zilionekana alama za meno.

Karani aliliangalia kwa muda, kisha akafunika kikebe cha wino.

"Bwana, ngoja nje," alimwambia mume wangu. "Hapa mtu anasomewa karatasi yake akiwa peke yake."

Mlango ulipofungwa, alinisomea polepole: "Mimi Awor wa Kirewa, nilianguka nikiteka maji."

"Soma tena, mzee."

Akasoma tena.

"Hapo pa nilianguka," nikasema, "mimi niliangushwa."

Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Alikata "ka" ya mwisho kwa kalamu, akaandika "shwa" juu yake, halafu akanionyesha kwa kidole kana kwamba najua kusoma. Wino mpya uling'aa.

Jina lake sikulijua. Lakini kila Jumapili, ninapowaombea wazazi wangu kanisani, namwombea na yeye: karani wa shwa.

"Nani amekuangusha?" aliuliza, kalamu iko tayari.

Chini ya mlango niliona viatu vya mume wangu. Nikamtaja, kwa sauti ya kufika mpaka nje.